Kisemeo Kilisema Ndiyo

1

Siku waliyomchukua Lugano nilikuwa nimekaa sakafuni jikoni, beseni la maji ya vuguvugu mbele yangu, namwogesha. Huwa namwogeshea sakafuni kwa sababu ukiwa sakafuni hakuna tena pa kuanguka. Nilizaliwa na mtindio wa ubongo, na mikono yangu hupokea amri mbili kwa mpigo, moja yangu na moja yake yenyewe. Nikikitaka kikombe, mkono huanza kwa kumsalimia jirani ndipo urudi kwenye kikombe. Lakini mwanangu alikuwa na miezi tisa na nilikuwa sijamwangusha hata mara moja. Alijifunza kunishika kabla hajajifunza kuketi. Nikimpakata na mwili ukaanza vituko vyake, yeye hukamata gauni langu kwa ngumi zote mbili, hutulia mpaka vituko vipite, kisha huendelea kunyonya.

Hodi ilipigwa nikiwa namsuuza mgongo. Bwana Njiku, afisa ustawi wa jamii, mtu wa Singida aliyehamishiwa kwetu Tukuyu miezi miwili tu iliyopita, alisimama mlangoni akikung'uta mvua kwenye koti lake. Nyuma yake, barazani, nikasikia kikohozi ninachokijua. Baba mkwe wangu alikuwa ameketi upande wa pili wa pazia la mlango.

Alikaa huko kwa sababu kwetu Wanyakyusa mkamwana na baba mkwe hawaonani. Mkamwana hamtazami mzee usoni, hamtaji jina, hazungumzi naye. Akimwona njiani, anaingia shambani mpaka apite. Wenzangu wengi wamelegeza siku hizi, wanatumiana picha na wakwe zao na kucheka. Mimi sikulegeza, na nina sababu. Nilipoolewa na Asajile, shangazi zake walisema huyu hana haja ya kumwepuka mkwe, kwani huyu naye ni mkamwana? Nikaapa nitaepuka kuwashinda wote. Miaka saba, kila nikisikia kikohozi kile, nimekipeleka migombani kiti changu cha miguu sita, kiti kinachopanda matope kama mbuzi, na mle majanini nilikaa na furaha tele, kwa sababu aliyekuwa akijificha alikuwa mke wa mtu. Asajile alifukiwa na maporomoko ya udongo mwezi wa nne, yeye na trekta lake. Hata baada ya mazishi niliendelea kujificha.

"Habari za asubuhi, mama Lugano?" alisema Bwana Njiku.

"Nzuri, karibu ndani," kilijibu kisemeo changu.

Kisemeo ni ukanda mwembamba unaovaliwa shingoni. Husoma umeme wa mishipa inayokwenda kwenye ulimi na koo, hukisia neno ninalolitaka, kisha hulitamka kwa sauti laini ya mwanamke ambaye hajawahi kugombana na mtu maishani mwake. Mimi nagombana. Nina ulimi mkali kuliko wembe, kasoro yake ni kwamba haunitii. Sauti yangu mwenyewe watu huiita kelele. Kwa miaka kumi na moja ukanda huo ndio ulionipa kazi, ndoa, na heshima ya kuulizwa dukani mimi mwenyewe nataka nini, badala ya kuulizwa aliyesimama karibu yangu.

Bwana Njiku alichuchumaa ili tulingane kimo. Alikuwa na tabia hiyo nzuri. "Mama, kuna ombi la babu," alisema. "Kwa kuwa baba wa mtoto ni marehemu, mtoto alelewe kwa babu na bibi mpaka atimize miaka saba. Wewe utakuwa unakwenda kumwona. Ni jambo la hiari. Unaridhia?"

Nilianza kuvuta pumzi ili nijibu vizuri, maana swali kama lile linataka utulivu. Ndipo baba mkwe aliposema mwenyewe, kwa kinywa chake, kupitia pazia: "Mwanangu, tunakuomba utukubalie."

Alinisemesha. Miaka saba ya kumwepuka, na yeye akanisemesha kama mtu anayesemesha mtoto wa jirani. Mwili wote ulilipuka. Nilimpigia kelele ya hapana, hapana tupu isiyo na adabu hata chembe, mguu ukapiga beseni na maji yakaenda hadi kizingitini, Lugano akadaka gauni langu. Kisemeo kilingoja nusu sekunde, kama kinavyofanya siku zote. Kisha kikasema:

"Ndiyo, baba. Nashukuru kwa kunifikiria."

Nikajaribu kukirekebisha. Kadiri nilivyohangaika ndivyo kilivyozidi kuwa na heshima. "Msiwe na wasiwasi," kilisema. "Nitazoea." Bwana Njiku akaandika, akanipa pole ya msiba, akasema mimi ni mama mwenye busara. Ilibidi amfungue Lugano vidole kimoja kimoja kutoka kwenye gauni langu, kwa sababu mtoto alidhani ni vituko vya kawaida na alikuwa akingoja vipite.

2

Jumatatu nilifika ofisini kwa Bwana Njiku kabla hajafungua mlango. Matiti yalikuwa yamejaa na kuuma, na gauni limelowa kifuani, lakini shingo nilikuwa nimeituliza. Ndiyo kazi yangu, kuwafundisha watu kutumia kisemeo. Vuta pumzi hadi saba, legeza taya, fikiria neno moja, liachie. Nilifanya kama ninavyofundisha.

"Sikuridhia," nilisema. "Namtaka mwanangu."

Alinitazama kwa huruma halisi. Hilo ndilo lililonitia hasira zaidi. "Mama, kukubali ulikubali. Mimi nilikuwepo. Na kubadili mawazo si sababu inayokubalika mbele ya baraza la malezi ya watoto. Sababu ni mbili tu: uwe ulilazimishwa, au chombo kiwe na hitilafu. Kuna mtu alikulazimisha?"

"Hapana."

"Alikutishia mtu yeyote?"

"Hapana. Fungua kumbukumbu ya kisemeo."

Hakuwa amewahi kufungua kumbukumbu ya mtu. Nilimwelekeza, akagusa ukanda wangu kwa kalamu yake, na maneno ya siku ile yakajipanga juu ya meza. Kila neno lina rangi yake. Kijani ni neno lililotoka kwenye mishipa ya mwenyewe. Njano ni neno ambalo chombo kimelijaza. "Nzuri, karibu ndani" ilikuwa kijani kama majani ya chai. "Ndiyo, baba" na yote yaliyofuata yalikuwa njano kuanzia mwanzo hadi mwisho. Chini ya mazungumzo yote ya siku ile palikuwa na hesabu: asilimia tisa ya kwangu, tisini na moja ya chombo.

"Kumbe kinajaza?" aliuliza Bwana Njiku. Alikuwa ameivua miwani yake.

Kinajaza. Mtu akitulia, umeme wa shingo husomeka, na chombo hujaza vijineno tu kama huyu, yule, na, kwa. Mwili ukichafuka, umeme nao huchafuka, chombo hakisikii kitu, na kwa kuwa kimetengenezwa kisinyamaze kamwe, husema lile linalotarajiwa zaidi. Na linalotarajiwa kimelijua kwa kusikiliza mamilioni ya mazungumzo ya watu wetu. Katika mazungumzo hayo, mwanamke akiombwa jambo na mkwe, na baba mkubwa, na mzee wa kanisa, hasemi hapana. Husema ndiyo baba, nashukuru baba, kisha huenda jikoni na kusema yaliyo moyoni mwake. Mashine ilisikiliza sebuleni. Jikoni haikufika.

Sisi wakufunzi tulijua. Naandika hili waziwazi kwa sababu sitaki mtu aje kunionea huruma bila kulijua. Tulijua kwa miaka mingi, na tulinyamaza kwa ajili ya sentensi moja ya Sheria ya Kauli: *Kauli ya kisemeo ni kauli ya mwenyewe.* Kabla ya sentensi hiyo, mchungaji alikataa kutufungisha ndoa mimi na Asajile kwa sababu kiapo kinataka kinywa. Tulikwenda hadi Dodoma kuidai, wengine kwenye viti, wengine migongoni mwa ndugu zao, na walipotupigia kura tulilia kwa sauti zetu wenyewe mpaka askari wakadhani kuna fujo. Kwa sentensi hiyo watu elfu kumi na mbili wameoa, wameolewa, wamerithi, wameshtaki. Nani angekwenda tena Dodoma kusema kwamba kuna rangi ya njano?

Bwana Njiku alivaa miwani. "Baraza ni Alhamisi ya wiki ijayo," alisema polepole. "Ukionyesha hii, mtoto anarudi siku hiyohiyo. Lakini mama, ukiionyesha hii, si kesi yako peke yako."

"Najua," nilisema. Ilikuwa kijani.

3

Jumatano alikuja Tusekile. Ana miaka kumi na tisa, hutembea kwa kuyumba na hapendi kushikwa mkono. Nilimfundisha mwenyewe miezi mitatu, alipokuwa na miaka kumi na saba, ili aweze kutoa ushahidi dhidi ya mjomba wake aliyekuwa akimlea. Mjomba alipata miaka thelathini. Tangu siku ile Tusekile huniita dada, na mimi sina ndugu mwingine.

Alivua kisemeo chake akakiweka mezani, nami nikavua changu. Sisi kwa sisi huvivua. Inachukua muda, neno linarudiwa mara tatu, mate yanatoka, lakini tunasikilizana.

"Nasikia unakwenda barazani kusema chombo kinaongopa," alisema.

"Nakwenda kumchukua mwanangu."

"Rufaa ya mjomba ni mwezi ujao, dada."

Nilikuwa nalijua hilo tangu Jumatatu, na tangu Jumatatu nilikuwa nalikwepa. Nilikuwepo mahakamani siku ya ushahidi wake, safu ya mbele. Wakili wa serikali, mzee wa watu, alimnyooshea kidole mjomba kizimbani na kumuuliza Tusekile kwa upole, "Binti, ni huyu?" Tusekile alipiga ukelele na kuanguka kutoka kwenye kiti. Na kutoka sakafuni, sauti laini ilisema, "Ndiyo, ni huyu." Watu walilia. Kumbukumbu ya siku ile haipo tena. Hukaa siku arobaini, kisha hujifuta. Tulidai hivyo wenyewe, hatukutaka serikali isome shingo zetu.

"Tuse, niambie kweli," nilisema. "Ile ndiyo ilikuwa yako?"

"Nilikuwa napiga kelele. Sijui nilisema nini. Labda nilisema nitoeni humu. Lakini alinifanyia, dada. Wewe unajua alinifanyia."

"Najua."

"Wakili wake naye atajua la kusema. Atasema msichana hakusema kitu, ni mashine iliyojaza. Na ni kweli."

"Akitoka atakaa wapi?"

"Nyumba ni ileile. Mama hana kwingine, nami sina kwingine. Kitanda chake mama hajakitoa, amekitandika."

Nikachukua methali, kama anavyofanya mtu aliyeishiwa. "Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi," nilimwambia.

"Mimi pia ni mwana wa mtu," alisema Tusekile, "na mzazi wangu alinyamaza. Lugano yuko kwa bibi yake. Anaogeshwa, anabebwa, anaimbiwa. Miaka saba atarudi. Mimi nani atanibeba?"

Nilimchukia. Kwa dakika nzima nilimchukia msichana yule niliyemfuta mate kwa mikono yangu isiyotulia, nilimchukia kwa kuwa alikuwa anasema haki. Miaka saba si kitu kwa anayeisema kwa mdomo. Lugano angerudi kwangu mtoto wa shule anayeniogopa, anayesikia sauti yangu kuwa kelele, kama wengine. Hakuna mtu duniani aliyewahi kuizoea sauti yangu tangu tumboni isipokuwa yeye.

"Sema ulilazimishwa," Tusekile alisema akiwa mlangoni, ukanda umesharudi shingoni lakini bado anatumia kinywa chake. "Msingizie mzee. Yeye ana watu wa kumtetea." Nikamwona jinsi anavyoogopa, na chuki ikaniishia.

4

Nilikwenda kwa baba mkwe Jumamosi, mvua ikiwa imekatika. Kiti kilipanda mlima kwa miguu yake sita nami nikawa naomba Mungu kisiteleze. Sikuenda mbele ya nyumba. Nilizunguka nyuma ya ukuta wa jiko, mahali ambapo mkamwana anaruhusiwa kusimama, na kutoka pale nikamsikia Lugano akijisemesha kwenye mapaja ya babu yake barazani. Maziwa yalinitoka yenyewe. Nilivua kisemeo.

"Siku ile nilisema nini?" niliuliza kwa sauti yangu, kuelekea ukutani.

Kuku walikwaruza. Nilikuwa nimejiandaa kurudia mara kumi.

"Mjukuu wangu," alisema mzee, taratibu, "mwambie mama yako nilimsikia."

Ndivyo inavyofanywa, asiyeruhusiwa kumsemesha mtu humtuma aliye karibu, hata akiwa na miezi tisa. Moyo wangu ulidunda mpaka nikaogopa kiti kitausikia na kuanza kutembea.

"Mwambie miaka saba namsikia akimwita baba yako," aliendelea. "Namsikia akifukuza kuku. Namsikia akiimba kwa Mungu. Hapana yake naifahamu, haihitaji mkalimani. Na tena mwambie ninajua kwamba mkamwana wangu hawezi kunijibu. Kitu kile kiliponijibu ndiyo baba, nilijua mara moja si yeye."

"Basi kwa nini?" nilisema. "Kwa nini ulimchukua?"

"Mwambie kwamba baba yako nilimzika kwenye sanduku lililofungwa. Walinikataza kumwangalia. Tangu siku hiyo kila nikifumba macho namwona huyu mtoto chini, kichwa kimegonga saruji, na mikono ya mama yako hewani."

"Sijawahi kumwangusha!"

"Mwambie najua. Nimeuliza majirani wote, wamesema hajawahi. Hofu haisikii la mtu."

Alikuwa analia, yeye mzee wa kanisa, nami nilikuwa nalia upande wa pili wa ukuta. Laiti ningemchukia kabisa, mambo yangekuwa mepesi. Nikamuuliza kama atayasema hayo mbele ya baraza, Alhamisi, kwamba alisikia nikikataa. Kusikia hapana na kumchukua mtoto ndiko kulazimisha kwenyewe; sheria isingehitaji kukigusa kisemeo, na Tusekile angelala usingizi wake.

"Mwambie mama yako," alisema mwisho, "nikiyasema hayo mbele ya watu, mimi ni mwizi wa mtoto. Nina miaka sabini na nane. Sitaweza."

Niliporudi chini nilifikiria ushauri wa Tusekile. Ningeweza kusema alinitishia kwa panga, au kwa laana, na wangeniamini. Lakini hakunitishia, na alichokisikia, asipokisema mwenyewe, si ushahidi. Ningekuwa nimemtia mtu maneno kinywani asiyoyasema, mimi, kati ya watu wote.

5

Baraza lilikaa kwenye ukumbi wa zamani wa halmashauri. Walitundika kitenge katikati ili mkwe na mkamwana wasionane, na aliyekitundika alikuwa Bwana Njiku, ambaye sasa alikuwa ameshafundishwa mila. Mwenyekiti, Mama Kisanga, jaji mstaafu mwenye sauti nzito, alikaa mahali anapotuona wote wawili. Bibi yake Lugano alikaa karibu na dirisha akiwa amempakata. Tusekile alikuwa safu ya nyuma. Juu ya meza walikuwa wamewasha ubao wa kuonyesha rangi za maneno yangu kadiri ninavyoyasema. Niliomba mwenyewe uwashwe.

"Babu wa mtoto," alisema Mama Kisanga, "siku ile ulimsikia mama wa mtoto akikataa?"

Nyuma ya kitenge kikohozi kilipita. "Nilikisikia kisemeo, mheshimiwa," alisema mzee. "Kilisema ndiyo." Hakuongopa, na hakusaidia.

"Subilaga Mwakalinga. Ulilazimishwa?"

Nilivuta pumzi hadi saba. Nililegeza taya. "Hapana." Kijani.

"Basi unasema chombo kilikuwa na hitilafu?"

Lugano aliisikia sauti ya kisemeo changu, akageuka, akanitafuta, akaniona. Alinyoosha mikono yote miwili. Nilipochelewa kumfikia alianza kulia, si kilio cha njaa, kilio cha kuuliza, na mwili wangu ulianza vituko vyake hapo hapo. Shingo ilikwenda upande. Kiti kilitingishika. Kwenye ubao rangi ya njano ilianza kupanda, na nusu sekunde ikapita, na kisemeo kikaanza kusema kwa upole wake, "Hakuna shida, mheshimiwa, mimi..."

Nikaelewa ninachopewa. Ningekiachia tu. Kingemalizia sentensi kwa adabu, kingesema hakuna hitilafu, ninashukuru, mtoto akae kwa babu yake. Tusekile angepona, na mimi ningekuwa na haki ya kusema mpaka kufa kwangu kwamba si mimi niliyemtoa mwanangu, ni mashine. Watu wangapi wenye vinywa vinavyowatii wamewahi kupewa udhuru mzuri namna ile? Nilitaka kuuchukua. Nasema kweli tupu, niliutaka.

Niliuma shavu mpaka nikaonja damu. Nikaanza upya, moja, mbili, tatu, nikalisukuma koo langu litulie kama mtu anavyomkalisha ng'ombe mkaidi, na ukumbi mzima ulisubiri mtoto akiwa analia. Sikumtazama Tusekile. Ningemtazama nisingeweza.

"Kilikosea," nilisema. "Ile ndiyo haikuwa yangu. Kinajaza. Si mimi tu, ni wengi wetu, kila mwili unapochafuka. Wakufunzi tunajua siku nyingi."

Ubao ulionyesha asilimia tisini na saba. Sijawahi kusema jambo refu kama lile kwa usafi ule, na sidhani kama nitasema tena.

Mama Kisanga alisoma kumbukumbu ya siku ile, akaisoma tena, akavuta karatasi. Alisema mtoto arudi kwa mama yake leo hii. Kisha akasema nakala ya mwenendo itapelekwa Mahakama Kuu, ili kauli zote zilizotolewa kwa kisemeo katika mashauri yanayoendelea na yaliyo kwenye rufaa ziangaliwe upya. Aliyasema hayo kwa sauti ileile, kwa pumzi moja. Sheria tuliyoililia Dodoma ilikufa kwa dakika hiyo moja.

Bibi yake aliniletea Lugano. Mtoto alinishika gauni kwa ngumi mbili, akaficha uso kifuani mwangu, akatulia akingoja mwili wangu uache kutetemeka. Nilikuwa na furaha. Siwezi kusema vinginevyo, nilikuwa na furaha kiasi cha kuona aibu, na sikuweza kuipunguza hata nilipomwona Tusekile akija.

Alikuja akiyumba katikati ya viti, akikataa mikono ya watu. Alisimama mbele yangu. Kichwa chake kilirushwa nyuma, mikono ikapaa, magoti yakagongana, na kutoka kinywani mwake ikatoka sauti ambayo ilimfanya Bwana Njiku arudi nyuma hatua mbili. Kisemeo chake kilingoja nusu sekunde.

"Hongera, dada," kilisema. "Nimefurahi kwa ajili yako."

Watu ukumbini walilainika. Mama Kisanga aliinamisha kichwa akajifuta jicho. Hawakuwa wamemaliza dakika tano tangu wasikie kwamba kinajaza, na wote waliamini.

Ubao ulikuwa bado umewaka mezani. Ungenyoosha kalamu, ukagusa ukanda wake, na rangi ya maneno yale ingeonekana kwa kila mtu. Niliikodolea macho ile kalamu. Bwana Njiku alifuata macho yangu, akaichukua, akaniuliza kwa ishara kama nataka.

Nilitikisa kichwa, hapana.

"Asante, mdogo wangu," kilisema kisemeo changu, na sikutazama ubaoni kujua ni nani aliyesema.